Mvinyo Katika Duka la Unga, na Nia ya Mwenye Kukataza

Kukataza maovu ni wajibu ambao hapana Mwislamu asiyeujua, ijapokuwa wenye kuuacha ni wengi kuliko wenye kuutimiza. Lakini ndani ya wajibu huo limo suala moja ambalo hatulisikii likizungumzwa sana, si misikitini wala barazani. Nalo ni hili: mtu akikataza uovu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, kisha akasimama ubavuni mwake mtu mwengine akataza uovu ule ule kwa ajili ya faida ya mfuko wake, je, wawili hawa ni kitu kimoja? Je, yule wa kwanza amkumbatie mwenzake au amtahadhari? Na siku mambo yatakapobadilika, ni yupi atakayebaki uwanjani?

Tumeona bora kulieleza suala hili kwa mambo yaliyotokea kweli katika nchi ya mbali, kisha tuyatazame yanatufundisha nini sisi watu wa pwani. Nchi yenyewe ni Marekani, na jambo lenyewe ni ugomvi wa miaka mingi juu ya kuruhusu mvinyo wa zabibu uuzwe katika maduka ya vyakula, yaani pale pale panapouzwa unga, mkate, maziwa na sabuni. Huenda msomaji akasema: "Watu wasiokuwa wa dini yetu wauziana vileo vyao, yatuhusu nini sisi?" Twamwomba asiharakishe. Mwenye busara hujifunza kwa yaliyompata jirani kabla hayajampata yeye, na mwisho wa maneno haya ataona kwamba jirani huyu hayuko mbali kama anavyomdhania.

Wengi miongoni mwetu hudhani ya kuwa Marekani ni nchi isiyokuwa na mpaka katika ulevi. Sivyo. Taifa lile liliwahi kuharamisha vileo kwa Katiba yake, na marufuku hayo yakaanza kutumika mwezi wa Januari 1920. Yaliondolewa mwaka 1933, na katika kuondolewa kwake kila jimbo likaachiwa mamlaka ya kupanga mambo ya vileo ndani ya mipaka yake. Kwa hivyo mpaka hii leo sheria zao hazilingani. Katika jimbo moja utaukuta mvinyo ubavuni mwa mkate, na ukivuka mpaka ukaingia jimbo jengine utaambiwa uende duka mbali lililotengwa kwa kazi hiyo.

Jimbo tunalotaka kulitazama ni Tennessee. Historia yake katika jambo hili ni ya ajabu. Mwaka 1838 lilitunga sheria iliyofanya kuuza vileo vikali vilabuni na madukani kuwa ni kosa, na sheria hiyo yahesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake katika Marekani. Mwaka 1877 ikaja sheria nyengine ya kuzuia vileo visiuzwe ndani ya maili nne za skuli za mashamba, na mwaka 1909 sheria hiyo ya maili nne ikatandazwa jimbo zima, hata ikawa hapana mahali pa halali pa kuuzia. Tangu mwaka 1939 kila kaunti ikaachiwa ichague yenyewe. Na katika jimbo hilo hilo iko Kaunti ya Moore, ambako wiski yao mashuhuri hutengenezwa katika mji wa Lynchburg na kupelekwa dunia nzima, ilhali kaunti yenyewe ni miongoni mwa zile zilizokataa biashara ya vileo. Watu wake hupata mshahara kwa kukitengeneza kitu ambacho baa na duka la mtaani kwao haviruhusiwi kukiuza. Msomaji auweke mfano huu moyoni, maana tutaurudia.

Basi hali katika Tennessee ilikuwa hivi. Duka la vyakula liliweza kuuza bia, lakini mvinyo halikuruhusiwa. Mvinyo na vileo vikali viliuzwa katika maduka ya vileo peke yake, na maduka hayo nayo yalikatazwa kuuza kitu kingine chochote, hata barafu, hata bilauri, hata kile chombo cha kuzibulia chupa. Wenye maduka makubwa ya vyakula walilitaka soko la mvinyo, na wanunuzi wengi nao walitaka wamalize haja zao mahali pamoja. Mswada wa kuruhusu ukaletwa katika baraza la kutunga sheria, ukaanguka. Ukaletwa tena, ukaanguka tena. Na mwendo ukawa huo mwaka baada ya mwaka.

Ni nani waliokuwa wakiuangusha? Walikuwa makundi mawili. La kwanza ni watu wa dini, na hasa wachungaji wa Kibaptisti, ambao kanisa lao lina nguvu kubwa katika jimbo hilo. Hawa walisema kwamba kileo huvunja nyumba na kuharibu vijana, na kwamba kukisogeza karibu na mkono wa kila mtu ni kuzidisha madhara. Kundi la pili ni wenye maduka ya vileo wenyewe, pamoja na wauzaji wao wa jumla. Hawa nao walipinga kwa nguvu, kwa sababu mvinyo ukiingia katika maduka makubwa, wateja wao watapungua. Lakini msemaji wao alipokuwa mbele ya wabunge hakutaja wateja peke yake. Alitaja vijana pia, akataja usalama wa watu, akasema kwamba duka la vileo huulinda mlango wake vizuri kuliko duka la vyakula. Mwenye kusikia bila ya kumwona msemaji angeweza kudhani ni mchungaji.

Jambo hili wenyewe Wamarekani wameligundua na kulipa jina. Mwaka 1983 mtaalamu wao mmoja wa uchumi, Bruce Yandle, aliandika makala akieleza kwamba sheria nyingi za kuzuia huwa na walinzi wa aina mbili, naye akawaita wauza magendo ya pombe na Wabaptisti. Mfano wake ulikuwa sheria ya kufunga vilabu siku ya Jumapili. Mchungaji aitaka sheria hiyo ili siku yake takatifu iwe safi; muuza magendo naye aitaka sheria ile ile ili Jumapili wateja wote wawe wake. Wa kwanza huipa sheria maneno mazuri, wa pili huitumikia kwa siri na kuila faida yake, na mwanasiasa huwaridhisha wote wawili kwa kura moja.

Sasa tutazame mwisho wa mambo katika Tennessee. Mwaka 2013 mswada ulianguka ndani ya kamati kwa kura moja tu. Wenye maduka ya vileo wakafahamu kwamba mwakani huenda wakashindwa kabisa, nao ni wafanyabiashara, na mfanyabiashara akijua atashindwa hukimbilia mapatano. Wakakaa pamoja na wenye maduka ya vyakula, wakapatana, na mwezi wa Machi 2014 Gavana Bill Haslam akautia sahihi mswada ukawa sheria.

Yatazameni masharti ya mapatano hayo, kwani katika masharti ndipo nia hudhihirika. Sharti moja lilikuwa kwamba mvinyo usianze kuuzwa katika maduka ya vyakula mpaka tarehe 1 Julai 2016, ili wenye maduka ya vileo wapate muda wa kujitayarisha. Na duka la vyakula lililoko ndani ya futi 500 za duka la vileo halingeweza kuanza kabla ya mwaka mmoja zaidi, ila kwa idhini ya duka hilo. Tena duka la vyakula lisiuze mvinyo illa kwa kuongeza asilimia 20 juu ya bei ya kununulia, ili lisimvunje mwenzake kwa bei. Na maduka ya vileo yakaruhusiwa, tangu Julai 2014, kuuza bia, sigara, barafu na vitu vyengine vilivyokuwa vimekatazwa. Je, katika haya msomaji aona wapi vijana? Aona wapi usalama wa nyumba? Yale maneno yaliyokuwa yakisemwa miaka yote hayakupata hata futi moja katika zile futi 500.

Watu wa dini walibakishiwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba kila mji upige kura yake kabla ya kuruhusu. Mwezi wa Novemba 2014 kura ikapigwa katika miji zaidi ya 70, na mswada ukapita katika yote, bila ya kubaki hata mmoja. La pili ni kwamba mvinyo usiuzwe siku ya Jumapili. Hilo nalo likaondolewa kwa sheria ya mwaka 2018, na kuanzia Januari 2019 mvinyo ukauzwa Jumapili pia katika maduka ya vyakula. Tangu kuanza biashara mpaka kuondoka kizuizi hicho ni miaka miwili na nusu. Wazee wetu walisema: mla nawe hafi nawe, illa mzaliwa nawe. Wauza vileo walikula na wachungaji miaka mingi. Siku ya kufa, walikuwa mezani kwa wengine.

Hapa yatupasa kufanya insafu, kwani mwenye kuitetea haki kwa udhalimu ameiharibu. Wale waliotaka ruhusa hawakuwa watu wasiokuwa na hoja. Walisema: mvinyo wauzwa tayari katika mji huu, na kuuhamisha kutoka rafu moja hadi nyengine hakuongezi dhambi. Wakasema: majimbo ya jirani yameruhusu, na fedha zetu zavuka mpaka. Wakasema: serikali itapata kodi. Hoja ya kodi si ndogo mbele ya watawala. Katika jimbo la New York, mwaka 2009 na tena mwaka 2010, Gavana David Paterson alipendekeza mvinyo uruhusiwe katika maduka ya vyakula kwa sababu hazina ilikuwa na upungufu na leseni zingeleta fedha. Na pendekezo hilo halikupita, kwa kuwa wenye maduka ya vileo huko waliupinga mpango huo kwa nguvu zao zote.

Sisi hatukanushi kwamba manufaa yako. Mwenyezi Mungu Mwenyewe, katika Sura ya Baqara, alipotaja ulevi na kamari hakusema kwamba hamna faida ndani yake. Aliitaja faida, kisha akatujulisha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko faida hiyo. Haya ni mafundisho makubwa ya namna ya kujadiliana. Mwenye hekima haikanushi faida ya kitu kibaya, bali huiweka katika mizani, na katika kitanga cha pili huweka madhara. Na kitanga hicho cha pili chazidi kuwa kizito kila siku. Taasisi ya kimataifa ya uchunguzi wa saratani imevihesabu vileo miongoni mwa vitu vinavyosababisha maradhi hayo tangu mwaka 1988, na mwezi wa Januari 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza ya kuwa hapana kiasi cha kileo ambacho mtu aweza kuambiwa kuwa hakina hatari kwa afya yake.

Ama ile hoja ya rafu, twajibu hivi. Mahali si kitu kitupu. Mtoto aingiaye dukani pamoja na mama yake hujifunza kwa macho kabla ya kufundishwa kwa maneno. Akikiona kitu kati ya maziwa na mchele, hukihesabu kuwa ni chakula. Akikiona kimefungiwa mlango wake peke yake, hujua kwamba ndani ya kitu hicho lipo jambo. Na yuko mtu wa pili ambaye wenye kutaka ruhusa hawakumtaja: ni yule aliyekuwa mlevi akatubu. Mtu huyu aweza kuliepuka duka la vileo maisha yake yote. Aweza hata kuibadilisha njia yake ya kwenda kazini. Lakini hawezi kuliepuka duka la mkate. Mkimwekea chupa pale anaponunulia maziwa ya wanawe, mmempa jihadi mpya kila siku ya Mungu, naye hakuwaomba. Ikiwa sheria yaweza kumhifadhi mtu huyo kwa kumtenganishia mlango, basi kumhifadhi ni wema, awe ni Mwislamu au si Mwislamu.

Wengine watasema: "Lakini watu wamepiga kura, wamechagua wenyewe." Kura ni jambo zuri la kuendeshea mambo ya watu bila ya ugomvi, na sisi hatuidharau. Lakini kura hutuambia watu wanataka nini; haituambii kilicho chema. Katika jimbo la Colorado, mwezi wa Novemba 2022, watu waliulizwa suala hili hili la mvinyo katika maduka ya vyakula, na ruhusa ikapita kwa wingi mdogo sana, hata hawakufikia 51 katika kila 100. Je, kama wachache wao wangelala nyumbani siku hiyo, mvinyo ungekuwa na madhara zaidi? La. Madhara yake yangekuwa yale yale.

Hata hivyo, ndani ya kura hizo limo onyo kwa watu wa dini wa kila nchi. Sheria isiyokuwa na nyoyo za watu nyuma yake ni ukuta wa mchanga. Marekani waliharamisha vileo taifa zima, na baada ya miaka 13 wakarudi walikotoka, kwa sababu wengi waliitii sheria mchana na kuivunja usiku. Tulinganishe na yaliyokuwa Madina. Ulevi haukuharamishwa siku moja. Kwanza watu walijulishwa kwamba madhara yake yashinda faida yake. Kisha wakakatazwa kuisogelea sala hali wamelewa. Na baada ya nyoyo kutayarishwa kwa muda, ndipo likaja katazo la mwisho lililoko katika Sura ya Maida. Anas bin Malik, aliyekuwa akiwanywesha watu siku hiyo, alieleza namna walivyousikia mwito wa mnadi wakaumwaga ulevi wao, hata ukapita vichochoroni. Hapakuwa na askari mlangoni. Askari alikuwa moyoni.

Sasa turudi katika suala letu la mwanzo. Je, ni haramu mtu wa haki kusimama pamoja na mwenye nia nyengine? Hatusemi hivyo. Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie, alihudhuria mapatano ya Hilfu-l-Fudhul katika nyumba ya Abdullahi bin Jud'an huko Makka, pale mfanyabiashara mgeni kutoka Yaman alipodhulumiwa thamani ya mali yake na mkubwa mmoja wa mji. Waliopatana pale hawakuwa wa imani moja na yeye, na baada ya Uislamu aliyasifu mapatano hayo, akasema kwamba angeitwa kwa mfano wake angeitika. Kwa hivyo kushirikiana na asiyekuwa wa dini yako katika jambo la haki si kosa, bali ni sunna njema.

Lakini tazameni tofauti. Watu wa Hilfu-l-Fudhul walikusanywa na haki yenyewe, maana hawakuwa na faida ya kuipata kwa kulipiwa mgeni yule. Ama muuza vileo akatazaye mvinyo wa jirani yake, hakukusanywa na haki. Yeye ataka uovu ubaki, ila uwe mikononi mwake. Dini yetu imeiweka nia kuwa ndiyo mizani ya amali, na wanazuoni wengi wamevifungua vitabu vyao kwa mlango huo. Basi tukikutana na mtu wa namna hii njiani, tusimtukane wala tusimfukuze, lakini tusimkabidhi ulimi wetu. Sababu yetu tuiseme sisi wenyewe, kwa maneno yetu, hata ikiwa wabunge watatucheka. Tukiificha sababu ya dini nyuma ya hesabu ya biashara kwa kuogopa kuchekwa, siku biashara itakapobadilika tutakuwa hatuna la kusema, kwani watu hawakuwahi kutusikia.

Na haya si mambo ya Marekani peke yao. Nchini kwetu Kenya iko sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huijua kwa jina la Mututho, mbunge aliyeileta. Sheria hiyo, kama ile ya maili nne ya Tennessee, iliitazama skuli: yataka nyumba ya kuuzia vileo iwe mbali na skuli ya watoto kwa mita 300 au zaidi. Lakini supamaketi zikapewa leseni yao, na katika miji yetu chupa zimekaa karibu na mchele muda mrefu. Kisha mwezi wa Julai 2025 Serikali ilitoa sera mpya, na ndani yake likapendekezwa kwamba vileo visiuzwe tena katika supamaketi, na kwamba umri wa kununua upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Sera si sheria, na palepale wafanyabiashara walipiga kelele, wengine kwa kuunga mkono na wengine kwa kupinga.

Waislamu wa pwani walioisikia habari hiyo walifurahi, na ni haki yao kufurahi. Sisi pia twaiunga mkono rai ya kutenganisha chupa na chakula. Lakini twawauliza ndugu zetu: chupa ikitoka supamaketi, itakwenda wapi? Itakwenda katika duka la vileo na katika baa. Na mwenye baa naye ataipenda sera hiyo kuliko sisi, atazungumza juu ya vijana kwa machozi, na huenda akatutafuta tutie sahihi pamoja naye. Mtu aliyesoma habari za Tennessee atajua la kumjibu. Atamwambia: "Tutaiunga mkono sera kwa sababu zetu, na kesho tutakuja kuzungumza na wewe juu ya baa yako."

Hapa tumefika mahali pazito, na twaomba msomaji asiufunge ukurasa. Mwenye kukataza husikilizwa akiwa amekwisha kujikataza. Tulisema tutaurudia mfano wa Kaunti ya Moore, ambako kitu hutengenezwa kwa ajili ya wengine na biashara yake hukataliwa nyumbani. Je, sisi hatuna Moore yetu? Mtume wetu amewalaani katika ulevi watu kumi, na mnywaji ni mmoja tu kati yao. Wamo mwenye kuubeba, mwenye kuuza na mwenye kuila thamani yake. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi hawakuihalalisha ijara ya nyumba kwa ajili ya kuuzia ulevi. Lakini ziko nyumba zinazokodishwa kwa kazi hiyo na wenyewe huswali safu ya mbele. Ziko gari zinazobeba makreti na wenyewe hufunga Ramadhani. Hatumtaji mtu wala mtaa, kwani hatukusudii kumfedhehesha mtu. Kila mmoja ajitazame mwenyewe, na risiti yake ya kodi aisome kabla ya kuisoma sera ya Serikali.

Hata huko Marekani jambo hili liko. Katika mji wa Chicago wako Waislamu waliofungua maduka madogo katika mitaa ya watu weusi maskini, wakauza vileo pamoja na vyakula vibaya, huku fedha zake zikilisha watoto na kujengea nyumba. Jumuiya moja ya Waislamu wa mji huo huo, iitwayo Inner-City Muslim Action Network, iliyoanzishwa mwaka 1997, ilisimama kuwakabili wenye maduka hao. Haikutosheka kuwalaumu. Iliwaendea madukani, ikataka rafu ziwekwe vyakula bora, na ikautafutia mtaa maslaha yake. Twaupenda mwendo huo kuliko hutuba kumi.

Kwa nini? Kwa sababu mwenye duka mdogo anayekataa kuuza ulevi hupata hasara ya kweli. Mteja hupenda kumaliza haja zake mahali pamoja. Akikosa kimoja kwako, huenda kwa mwengine na kununua vyote huko, hata sukari na majani ya chai. Basi mtu huyu anapofunga rafu yake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hutoa sadaka kila siku na hapana anayemuona. Na sisi tunaomtaka akatae, tunamnunulia? Au twamsifu msikitini, kisha twapanda gari kwenda supamaketi kwa kuwa unga huko umepungua shilingi tano? Tukifanya hivyo, tumemwachia yeye peke yake gharama ya dini yetu sote.

Kwa hivyo rai yetu ni hii. Kwanza, tuiunge mkono kila sheria inayokitenga kileo na chakula cha watu, na tuiseme sababu yetu wazi. Pili, tusimtie mfanyabiashara wa ulevi katika kauli yetu, hata akitukaribia kwa sauti tamu. Tatu, mwenye nyumba na mwenye gari waanze kwao, na wenzao wawasaidie kumpata mpangaji au mzigo mwengine, maana kumwambia mtu "acha" bila ya kumshika mkono ni nusu ya nasaha. Nne, na hili ndilo jepesi kusema na zito kutenda: kila mmoja wetu amjue katika mtaa wake mwenye duka asiyeuza ulevi, akanunue kwake, japo ni mbali kidogo, japo ni ghali kidogo. Zile shilingi tano ndizo kura yetu, na kura hiyo haingoji mwezi wa uchaguzi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitakase nia zetu katika yale tunayoyakataza na yale tunayoyaamrisha, na asitujaalie kuwa miongoni mwa wanaoukataza uovu kwa ulimi na kuula kwa mkono. Na kwake Yeye ndiko kuwafikishwa.